Ratiba, tiketi na michoro: namna ya kuhifadhi historia ya usafiri wa umma katika maktaba ya makumbusho

Makumbusho ya usafiri hupenda magari, na si ajabu: basi lililopakwa rangi upya huvuta watu. Lakini basi halisemi lilipita njia ipi, lilifika kila baada ya dakika ngapi, nauli ilikuwa kiasi gani kutoka kituo hadi kituo, wala kwa nini njia hiyo ilifutwa. Majibu hayo yamo katika karatasi ambazo zilichapwa ili zitupwe: ratiba, tiketi, matangazo ya kubadili njia, orodha za zamu za madereva na makondakta. Hizo ndizo kazi ya maktaba ya makumbusho. Karatasi isiyojulikana ilikotoka na ya lini hubaki bubu hata ikitunzwa kwenye kasha bora kuliko yote, kwa hiyo maelezo ndiyo yanayotangulia, kisha kasha, kisha skana.

Nini kitafutwe kwanza

Picha za mabasi na treni zilizopigwa kutoka mbele pembeni zipo kwa wingi, kwa sababu wapenzi wa magari ndivyo walivyozipiga. Kilicho adimu ni picha za ndani ya gari, foleni kituoni, karakana, ofisi ya kuhesabia fedha na wafanyakazi wakiwa kazini. Ukilazimika kuchagua, chukua hizo.

Upande wa karatasi, ratiba na majedwali ya nauli yana uzito kuliko tiketi. Tiketi huonyesha bei bila kusema umbali. Jedwali la nauli la mwaka huohuo ndilo linaloipa maana, hivyo tafuta vyote viwili. Zinazofuata ni waraka za ndani kwa wafanyakazi. Hizi hutaja daraja lililofungwa, kituo kilichohamishwa, gari lililopigwa marufuku kupita njia fulani, mambo ambayo abiria hakuandikiwa kamwe. Kumbukumbu za vikao vya halmashauri, faili za leseni za njia na matangazo ya magazetini husaidia pale kampuni yenyewe ilipokufa bila kuacha kitu.

Mahali pa kuzipata ni karakana inayokaribia kuhama au kubomolewa, vyama vya wastaafu, familia za wafanyakazi, na watu waliokusanya tiketi kwa kupenda. Fika kabla ya siku ya kuhama. Siku yenyewe, vitu huwa tayari kwenye lori la taka.

Ukifika usianze kubeba. Piga picha kila rafu na kila droo kama ilivyo, ipe namba, na uandike namba hiyohiyo kwenye kasha litakalobeba vilivyomo. Mpangilio wa mwenyewe ni taarifa: faili ya malalamiko iliyowekwa karibu na faili ya njia iliyofutwa huenda ndiyo inayoeleza kufutwa kwake. Anayeharibu mpangilio huo mara nyingi ni msaidizi mwenye nia njema, anayepanga karatasi kwa ukubwa ili kasha lipendeze.

Makabidhiano na rejesta

Hakuna kitu kinachoingia bila hati iliyosainiwa na pande mbili. Hati iseme wazi kama ni zawadi au mkopo, na kama mtoaji ndiye mwenye hakimiliki au anamiliki karatasi tu. Mtu mwenye picha mia za treni anaweza kuwa alizinunua, na mpiga picha akawa ndiye mwenye haki. Iseme pia kama makumbusho yanaruhusiwa kuondoa nakala zilizojirudia, na kama kuna sehemu isiyotakiwa kusomwa hadi mwaka fulani. Epuka mkopo usio na tarehe ya mwisho. Baada ya miaka 20 hakuna ajuaye wa kumrudishia, na huwezi kuutumia wala kuuondoa.

Kisha ingiza kwenye rejesta ya mapokezi. Namba rahisi ina sehemu tatu: mwaka, zamu ya zawadi katika mwaka huo, na kitu chenyewe. Kwa mfano 2024.15.3 ni kitu cha tatu katika zawadi ya kumi na tano ya 2024. Iandike kwa penseli laini ya 2B, nyuma, pembeni chini. Usitumie kalamu ya wino, stika wala muhuri. Picha za kisasa zenye tabaka la plastiki hazishiki penseli. Kwa hizo andika kwenye bahasha kabla picha haijaingizwa, kwani ukiandika ikiwa ndani alama hujitokeza upande wa pili.

Karantini

Karatasi kutoka karakana huja na vumbi la breki, grisi, mende na wakati mwingine kuvu. Zitenge kwenye chumba chake kwa wiki mbili au zaidi, kila kasha ndani ya mfuko wa plastiki uliofungwa, na weka mitego ya gundi. Ukiona wadudu hai, njia salama ni friza: funga kasha kwenye mfuko, toa hewa, weka kwenye nyuzi joto –20 au chini yake kwa wiki mbili, kisha liache lirudie joto la chumba kwa saa 24 kabla ya kufungua mfuko. Ukifungua mapema, mvuke hutua juu ya karatasi. Negativu za kioo zisiingie friza. Na friza haiui kuvu, inaisimamisha tu.

Kuvu kwanza hukaushwa, kwa kushusha unyevu wa hewa chini ya asilimia 50 na kupitisha feni bila kuielekeza kwenye karatasi. Ikishakuwa unga mkavu, isafishe kwa brashi laini ukivaa barakoa inayozuia chembe ndogo, kuelekea kwenye mdomo wa kifyonza vumbi chenye kichujio cha HEPA, kinachonasa chembe ndogo sana. Ukisugua kuvu mbichi unaipaka ndani ya nyuzi za karatasi. Naftalini na dawa za kupuliza zisikaribie mkusanyiko: harufu yake hukaa kwenye karatasi miaka mingi na huwadhuru wanaofanya kazi humo.

Katalogi: tarehe mbili na namba za njia zinazodanganya

Wanaokuja kusoma huuliza kwa namba ya njia, jina la kampuni, mahali na mwaka. Katalogi isiyojibu hayo manne haisaidii hata ikiwa na maneno mengi. Kwa kila kitu andika aina, kichwa kama kilivyochapwa, mtoa huduma, namba ya njia, vituo vya mwanzo na mwisho, tarehe, vipimo kwa milimita, hali, haki, na mahali kilipo hadi namba ya kasha. Seti ya Dublin Core, kiwango cha kimataifa cha kueleza vitu katika katalogi chenye vipengele 15, inatosha kuanzia, na jedwali la kawaida la kompyuta linaweza kuibeba bila programu ya gharama.

Ratiba ina tarehe mbili: ilipochapwa na ilipoanza kutumika. Weka zote, katika safu tofauti. Tumia muundo wa 1968-05-12 ili kompyuta ipange sawasawa. Usipokuwa na hakika weka alama ya kuuliza baada ya mwaka, 1968?, badala ya kubuni. Kama karatasi haina tarehe, angalia chini pembeni, ambapo wachapaji wengi waliweka msimbo mdogo wenye mwezi, mwaka au idadi ya nakala. Nauli, jina la mtaa lililobadilishwa baadaye, tarakimu za namba ya simu na rangi za kampuni pia hubana mwaka kati ya mipaka miwili.

Namba za njia ni mtego. Njia 14 ya 1970 inaweza kuwa haina uhusiano wowote na njia 14 ya 1990, kwa sababu namba zilizoachwa hupewa njia mpya. Tengeneza orodha ya pekee ya njia, kila moja ikiwa na mwaka wa kuanza, mwaka wa kuisha na vituo vyake, kisha unganisha kila rekodi na orodha hiyo. Fanya vivyo hivyo kwa makampuni, maana yanaungana, yanataifishwa, yanabinafsishwa na kubadili majina.

Uangalifu huohuo unahitajika kwa ramani. Ramani ya treni za chini ya ardhi za London iliyobuniwa na Harry Beck na kutolewa 1933 ilinyoosha njia na kusawazisha umbali kati ya vituo ili abiria asome kwa urahisi. Ni ushahidi mzuri wa alichoonyeshwa abiria, lakini si wa reli ilipopita hasa. Iandike katalogini kama mchoro, ili mtu asiipimie umbali.

Nakala zilizojirudia zinajaza rafu haraka. Kanuni inayofaa ni kubakiza mbili, moja ya kuhifadhi na moja ya kusomwa. Kabla ya kuondoa ya tatu linganisha msimbo wa mchapaji, bei ya jalada na kurasa za ndani. Ratiba zenye jalada moja mara nyingi ni matoleo mawili, na lile la pili ndilo lenye masahihisho.

Chumba, rafu na makasha

Karatasi hupenda hali isiyobadilika zaidi ya inavyopenda namba kamilifu. Lenga unyevu wa hewa kati ya asilimia 35 na 55 na joto la chini kadiri unavyoweza kulidumisha, kwa kawaida chini ya nyuzi 21. Unyevu ukipita asilimia 65 kwa siku kadhaa, kuvu huanza. Kiyoyozi kinachowashwa mchana na kuzimwa usiku hudhuru kuliko chumba kisicho na kiyoyozi chenye hewa inayozunguka, kwa sababu karatasi hutanuka na kunywea kila siku. Weka kipimajoto chenye kupima unyevu katika kila chumba na uandike vipimo asubuhi na jioni, au nunua kifaa kinachorekodi chenyewe kila saa.

Rafu ziwe za chuma kilichopakwa rangi ya kuokwa, sentimita 15 juu ya sakafu na 10 kutoka ukutani, mbali na mabomba ya maji. Mbao mbichi na ubao wa vumbi la mbao hutoa asidi. Makasha na majalada yawe ya karatasi isiyo na asidi. Ondoa pini, klipu na mipira ya kufungia kabla ya kuhifadhi. Stepla zenye kutu zinyanyuliwe kwa kisu butu, zisivutwe kwa vidole. Selotepu ya zamani iache ilivyo hadi apatikane fundi wa uhifadhi, kwani ukiivuta inaondoka na uso wa karatasi.

Kasha lisijazwe hadi kubana wala lisiachwe nusu tupu. Likiwa na nafasi, karatasi huinama na kukaa hivyo. Ziba kwa kadi isiyo na asidi iliyokunjwa.

Vitu vinavyohitaji mkono wake

Tiketi za kadi za mtindo wa Thomas Edmondson, aliyezianzisha kwenye reli za Uingereza miaka ya 1830, zina milimita 57 kwa 30.5 na ni ngumu kuharibika. Adui yake ni albamu. Kurasa za plastiki laini ya PVC hutoa mafuta yanayovuta wino, na baada ya miaka kadhaa namba ya tiketi huwa imehamia kwenye plastiki. Tumia mifuko ya poliesta. Tiketi zilizotobolewa zisinyooshwe wala zisitupwe, kwa kuwa umbo la tundu linaweza kuonyesha kondakta au sehemu ya njia.

Tiketi za mashine zilizochapwa kwa joto ndizo zinazokufa mapema kuliko zote. Maandishi yake ni kemikali iliyobadilika rangi, si wino. Mwanga, joto, plastiki ya PVC na hata dawa ya kutakasa mikono yenye spiriti huyaharibu. Ziskani siku zilipofika, andika yaliyomo kwenye katalogi, kisha ziweke gizani kwenye bahasha ya karatasi. Usizipige laminesheni, zitageuka nyeusi palepale. Kwa jumla laminesheni haina nafasi katika mkusanyiko wa aina yoyote.

Michoro ya kihandisi igawe kwa aina kabla ya kuiweka. Ile ya buluu yenye mistari myeupe hufifia kwa mwanga na kwa alkali, kwa hiyo ifunikwe kwa karatasi isiyo na asidi na pia isiyoongezwa chokaa. Karatasi ya kawaida ya uhifadhi, iliyoongezwa chokaa, inaidhuru. Nakala za diazo, zenye mistari ya buluu, nyeusi au zambarau kwenye karatasi nyeupe, hutoa kemikali zinazochafua jirani zake, hivyo zikae peke yake. Michoro kwenye kitambaa kilichopakwa wanga haistahimili tone la maji: wanga hulainika na wino huondoka. Laza michoro kwenye droo pana. Isipoenea, izungushie nje ya bomba la kadi lenye kipenyo cha sentimita 10 au zaidi, si kuisukumiza ndani ya bomba ambako pembe zake huchanika wakati wa kuitoa.

Filamu ni jambo la usalama pia. Negativu za kabla ya 1951 zinaweza kuwa za nitreti, ambayo huwaka kwa kasi na haizimiki kwa urahisi. Ukiona filamu ya njano yenye kunata na harufu kali, itenge na uwaite zimamoto wakushauri. Filamu za asetati zikianza kunuka siki zinaoza, na mvuke wake huzihimiza nyingine, basi zitoe kwenye makopo yaliyozibwa, zitenge, ziskani kwanza. Vipande vya kupimia asidi hugeuka kutoka buluu kwenda kijani na hatimaye njano, na hukusaidia kupanga foleni ya kuskani. Slaidi za Kodachrome, filamu ya rangi ya kampuni ya Kodak, hudumu sana gizani lakini hufifia upesi zikiwekwa kwenye projekta. Onyesha nakala, usionyeshe slaidi yenyewe.

Kuskani

Nyaraka za maandishi ziskani kwa dpi (vidoti kwa kila inchi) 400, tiketi na vitu vidogo kwa 600, slaidi na negativu za milimita 35 kwa 4000. Hifadhi faili kuu kama TIFF, muundo wa picha, isiyobanwa, na utoe JPEG au PDF kwa wasomaji. Fanya hesabu ya nafasi kabla ya kuanza: ukurasa wa A4 wa rangi kwa dpi 400 ni takriban MB 46, hivyo kurasa 1,000 ni GB 46, na slaidi moja kwa dpi 4000 ni MB 64 hivi. Miradi mingi hukwama hapa, diski ikijaa wakati kasha la tatu halijaisha.

Weka rula na kadi ya rangi kando ya kitu katika picha ya kwanza ya kila kundi. Skani mbele na nyuma, hata nyuma kukiwa na tangazo la sabuni tu. Zima marekebisho yote ya moja kwa moja ya skana, kwani hung'arisha karatasi na kufuta alama za penseli. Picha zilizochapwa kwa vidoti huleta mawimbi ya ajabu kwenye skrini. Yaondoe katika nakala ya wasomaji, faili kuu ibaki ilivyo. Jina la faili lifuate namba ya mapokezi, mfano 2024-015-003_p001.tif, bila nafasi wala maelezo marefu.

Nakala ziwe tatu, kwenye aina mbili za vifaa, moja ikikaa jengo jingine. Tengeneza alama ya uhakiki ya SHA-256, msimbo unaobadilika faili ikibadilika hata kidogo, kwa kila faili siku ya kuiweka na uipime upya kila mwaka, maana faili iliyoharibika kimyakimya huendelea kuonekana kwenye orodha kama nzima. Na skani hairuhusu kutupa karatasi.

Sauti za wafanyakazi na data za leo

Mambo mengine hayakuandikwa popote: namna ya kuwasha injini iliyogoma, ishara za kondakta kwa dereva, nani alipewa njia mbaya. Rekodi kwa WAV, muundo wa sauti isiyobanwa, kHz 48 na biti 24. Saa moja ya njia moja ya sauti ni takriban MB 520. Fomu ya ridhaa isainiwe kabla ya kubonyeza kitufe. Mpe mzungumzaji kitu mkononi, mashine ya tiketi au orodha ya zamu, na umwambie akuonyeshe ilivyotumika. Swali la "Je, kazi ilikuwa ngumu?" huleta neno moja tu.

Historia ya miaka hii haichapwi kabisa. Ratiba nyingi zipo katika muundo wa GTFS, wa kubadilishana data za ratiba kwa kompyuta, ulioanza Portland, Marekani, mwaka 2005 kwa ushirikiano wa TriMet, shirika la usafiri wa umma la huko, na Google. Ni faili ya zip yenye majedwali ya maandishi matupu kama stops.txt, routes.txt na stop_times.txt, hivyo itasomeka miaka mingi ijayo. Tatizo ni kwamba toleo jipya hufuta la zamani kwenye seva. Pakua kila toleo, lipe tarehe ya kupakua, na usilisahihishe hata ukiona kosa. Usafiri usio na ratiba rasmi nao hunakilika: Nairobi, watafiti na wanafunzi walipanda matatu wakiwa na simu, wakarekodi njia na vituo, na data pamoja na ramani vikatolewa 2014. Ramani ya aina hiyo ikirudiwa kila baada ya miaka michache, matoleo yake yakiwekwa pamoja huonyesha mtandao ulivyohama.

Kusoma, kuonyesha, na siku ya maji

Chumbani kwa wasomaji, penseli tu, kasha moja kwa wakati, jalada moja mezani. Kwa karatasi, mikono safi mikavu ni bora kuliko glavu za pamba, ambazo hukosa hisia na kuchana pembe. Kwa picha na negativu vaa glavu za nitrili. Kadi za wafanyakazi, rejesta za ajali na faili za nidhamu zina habari za afya na makosa ya watu. Zifunge kwa muda unaotakiwa na sheria ya nchi, na uandike katalogini kwamba zipo na zitafunguliwa lini. Kwenye maonyesho, mwanga usipite lux 50 (lux ni kipimo cha mwanga unaoangukia kitu), na kitu halisi kipumzishwe baada ya miezi mitatu, nakala ikishika nafasi yake.

Kwa siku ya mafuriko au bomba lililopasuka, weka karibu na mlango pipa lenye karatasi za kunyonya maji, mifuko ya friza, glavu, turubai na orodha ya makasha ya kuokolewa kwanza. Una saa 48 kabla ya kuvu. Usifungue vitabu vilivyolowa wala kutenganisha karatasi zilizogandamana. Zifunge kwa vifurushi vidogo na uzigandishe, kisha zikaushwe kidogokidogo. Karatasi za kung'aa, ambazo ndizo vipeperushi vingi vya ratiba, ndizo za kwanza kuingia friza: zikikauka zikiwa zimeshikamana huwa tofali, na hazitenganishiki tena.